Sumaku na Waya wa Shaba: Umeme Hutoka Wapi?

Siku hizi huonyeshwa katika simu picha za sanduku lenye sumaku na waya, na taa inawaka bila mafuta, bila jua wala betri. Mkulima wa Likoni au Kisauni aliye na kisima katika ploti yake huambiwa kwamba sanduku la namna hiyo litamvutia maji bure milele. Kabla hujatoa fedha zako, msomaji, fanya jaribio hili nyumbani pamoja na watoto. Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani katika ofisi ya kilimo, na naona jaribio moja la mikono lafundisha kuliko ubao mzima.

Mwendee fundi anayefunga upya mota zilizoungua. Mwombe akuuzie waya mwembamba wa shaba, ule uliopakwa vanishi. (Waya uliotolewa katika transfoma za barabarani usiununue, huo ni mali ya wizi.) Uviringishe mizunguko elfu moja hivi juu ya kipande cha bomba la plastiki, ukiacha ncha mbili nje. Kazi hii yachosha, na mtoto anayehesabu atapoteza hesabu, lakini usipunguze mizunguko. Kisha zisugue ncha kwa msasa mpaka vanishi yote itoke na shaba ing'ae. Jaribio likishindwa, mara nyingi sababu ni vanishi iliyobaki. Unga ncha hizo na taa ndogo ya LED, tia sumaku yenye nguvu ndani ya bomba, ziba pande zote mbili, kisha tikisa kwa kasi. Taa itamemeta. Lakini sumaku hizo ziwekwe mbali na watoto wadogo: mtoto akimeza mbili, zaweza kuvutana ndani ya matumbo na kuyatoboa.

Sasa acha kutikisa. Taa yazimika. Sumaku ipo, waya upo, wala hakuna kilichopungua. Jambo hili ndilo alilolivumbua Michael Faraday huko London mwaka 1831: sumaku iliyotulia haitoi umeme katika waya uliotulia, lazima kimoja kiende. Na mwendo lazima utoke mahali. Kama unayo dinamo ya baiskeli, izungushe kwa vidole bila taa, kisha iunge na taa uizungushe tena. Mara ya pili utaiona nzito zaidi. Uzito huo ndio bei ya mwangaza, nayo hulipwa na vidole vyako.

Tazama Kipevu, pale Changamwe. Kituo cha umeme kilichoanza kazi mwaka 2011 kilijengwa kutoa megawati 120. Ndani yake mna shaba na sumaku vilevile (ingawa sumaku zake hutengenezwa kwa umeme), lakini kinachozizungusha ni injini zinazochoma mafuta mazito. Mafuta yakikatwa, kimya. Kama sumaku zingeweza kujizungusha zenyewe, nani angehangaika kununua mafuta hayo?

Haya, tupige hesabu ya kisima. Dinamo ya kawaida ya baiskeli hutoa wati 3. Kupandisha debe la lita 20 kutoka kina cha mita 10 kwataka juli 1,960 hivi. Gawanya kwa 3, utapata sekunde zaidi ya 650, yaani karibu dakika 11 kwa debe moja, hata kama pampu haipotezi nguvu yoyote. Na kila pampu hupoteza. Kwa kamba na mikono yako debe hilo lapanda chini ya dakika moja. Mchicha wako utanyauka ukingali unangoja. Dinamo yafaa taa ya baiskeli; pampu ya shamba yataka paneli za jua, au injini, au umeme wa nguzo.

Mwuzaji akija na sanduku lake, usibishane naye. Mwambie afungue kifuniko mbele yako, uone kama hamna betri iliyofichwa. Kisha aliache kwako siku tatu, mchana na usiku, likiwasha taa ya wati 10. Fedha umpe siku ya nne, taa ikiwa ingali inawaka.