Mwenye Miembe, Tafuta Mteja Kabla ya Kuchuma

Kila msimu wa maembe huku Malindi na Magarini, madalali huja mapema na kununua mti mzima, matunda yakiwa bado machanga. Mkulima hulipwa kwa kukadiria kwa macho. Faida humwendea atakayeyafikisha Kongowea.

Ndugu yangu mwenye miembe michache, embe likishaiva halingoji mteja, basi mteja apatikane kwanza. Mimi huwaandikia wateja kwa WhatsApp wiki moja kabla ya kuchuma. Nawaeleza kama ni ngowe, boribo au dodo, bei ya kila aina na siku ya kuwapelekea. Anayetaka hutuma nusu ya pesa kwa M-Pesa. Nachuma yaliyoagizwa tu, nikiyaacha na vikonyo vyake, utomvu usije ukaunguza ganda.

Makubwa nayauza moja moja. Madogo na yenye madoa nawauzia watengenezaji wa sharubati na achari. Yanayosalia humwendea dalali, kwani wateja wangu hawamalizi shamba zima. Lakini ukishaijua bei anayolipa mlaji, hutakubali tena bei ya kukadiriwa.