Askari Kanzu na Ulimi wa Genge

Askari kanzu aweza kuipata skafu ya klabu yoyote kwa siku moja. Ulimi wa mashabiki wake hauuzwi dukani. Hayo ndiyo yaliyonivutia katika I.D., filamu ya Kiingereza iliyoongozwa na Philip Davis na kutolewa mwaka 1995, kutokana na kisa cha James Bannon, aliyewahi kuwa polisi wa siri. Polisi wanne wanatumwa kujipenyeza miongoni mwa wahuni wa soka wa Shadwell, timu ya kubuni ya mashariki mwa London. Wakati huo Uingereza ilikuwa imefedheheka: mwaka 1985 watu 39 walikufa katika uwanja wa Heysel, Brussels, na vilabu vya Kiingereza vikafungiwa mashindano ya Ulaya hadi 1990.

John, anayeigizwa na Reece Dinsdale, anajifunza matusi, nyimbo, na hata namna ya kunyamaza baani. Punde si punde anayabeba hayo hadi nyumbani, na mkewe akawa anasemezwa kwa sauti ya genge. Wakubwa wanapoivunja operesheni, hakuna amri inayoweza kuirudisha sauti ya zamani. Mwishowe tunamwona John, kichwa kimenyolewa, katikati ya maandamano ya wabaguzi wa rangi, akimwambia mwenzake wa zamani kwamba bado yumo kazini.

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi kwamba kubadili mtindo wa usemi ni sawa na kubadili nguo. Siku hizi nasita kidogo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1963, William Labov alionyesha kuwa katika kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani, waliokipenda kisiwa chao na kutaka kubaki huko ndio walioshikilia zaidi matamshi ya kwao. Yaani kinywa huufuata moyo. Filamu hii inageuza shilingi upande wa pili: moyo nao huweza kukifuata kinywa.

Mwendelezo wake, ID2: Shadwell Army, ulikuja baada ya miaka 21, mwaka 2016, chini ya Joel Novoa. Safari hii anayetumwa ni Mo, polisi kijana Mwingereza mwenye asili ya Asia, nao wahuni wamechangamana na wanaowachukia Waislamu. Swali hapa ni zito kuliko lile la kwanza, kwani John alihitaji kubadili usemi tu, ilhali Mo, hata aseme kama wao, sura yake itabaki kumshitaki. Kwa maoni yangu, filamu inaliacha swali hilo mapema mno na kukimbilia ngumi.

Mambo haya si ya sinema pekee. Mwaka 2015 serikali ya Uingereza iliunda tume ya kuchunguza polisi wa siri, hasa waliojipenyeza katika makundi ya kisiasa. Ilikuwa imekwisha fichuka kuwa baadhi yao walitumia majina ya watoto waliofariki, na kuishi na wanawake wasiojua walikuwa nani. Ningependa maofisa hao waulizwe jambo moja zaidi: waliporejea kwa wake zao halali, walizungumza kwa sauti ipi?