Pauni 5.50 au 9.95? Gemu za Ultimate zilizostahili bei yake

Mwaka 1983, kaseti ya gemu ya kampuni ya Ultimate Play the Game, ya kuchezwa kwenye kompyuta ya ZX Spectrum, iliuzwa pauni 5.50 huko Uingereza. Mwaka uliofuata ikatoka gemu yao ya Sabre Wulf, na bei ikapanda ghafla hadi 9.95. Waanzilishi wake, ndugu Tim na Chris Stamper wa Ashby-de-la-Zouch, walikuwa na hesabu yao: kaseti zilikuwa zinanakiliwa ovyo, na aliyetoa karibu pauni kumi angeona uchungu kumwachia rafiki anakili bure.

Je, mnunuzi alipata zaidi? Alipata boksi kubwa zaidi, hilo halina ubishi.

Sabre Wulf yenyewe inapendeza macho: msitu wa rangi kali, na wewe unasaka vipande vinne vya hirizi. Lakini njia zake zinafanana mno, na muda si mrefu kufyeka kwa upanga kunachosha. Atic Atac ya pauni 5.50 inaipiku mbali. Hapo unachagua kuwa shujaa wa kivita, mchawi au mtwana, na kila mmoja ana njia zake za siri ndani ya jumba: shujaa hupita kwenye saa kubwa ya ukutani, mchawi kwenye kabati la vitabu, mtwana kwenye pipa. Ukibadilisha mhusika, jumba zima linabadilika. Nguvu zako zinaonyeshwa na kuku wa kuchoma pembeni mwa skrini. Anavyoisha nyama hadi mifupa ndivyo unavyokaribia kufa. Ni gemu tatu kwa bei ya moja.

Jetpac ni rahisi zaidi: unga roketi, jaza mafuta, paa. Iliingia hata kwenye ZX Spectrum ya 16K, ile ya bei ya chini. Iliuzwa pia kwa katriji ya pauni 14.95, nayo ilihitaji kifaa cha Interface 2 cha pauni 19.95. Karibu pauni 35, kisa hutaki kusubiri kaseti ilie mpaka imalize! Ufahari mtupu.

Katika zile ghali, Knight Lore ya 1984 ndiyo iliyostahili 9.95. Vyumba vyake unavitazama kimshazari, vina kina na kimo, na usiku ukiingia shujaa wako anageuka nusu mbwa mwitu. Vitu vikijaa chumbani gemu inakuwa nzito, lakini wakati ule haikuwa na mfano.

Kwa mnunuzi wa leo, The Spectrum ya 2024, toleo jipya la kompyuta ile, iliyozinduliwa kwa karibu pauni 90, ina gemu 48 ndani yake na hakuna hata moja ya Ultimate. Mwenye Xbox One au Series X atafute mkusanyo wa Rare Replay wa 2015: gemu 30 kwa takriban pauni 20 ulipotoka, na saba ni za Ultimate, zikiwemo zote nne nilizozitaja. Alien 8, gemu nyingine ya Ultimate, haimo, kwa bahati mbaya. Ukiupakua mkusanyo huo, andaa bando la kutosha, maana ni makumi ya gigabaiti, ingawa Jetpac yenyewe ni kilobaiti chache tu. Anza na Atic Atac. Knight Lore iache kwa siku yenye nafasi, na ukiangukia miiba usione haya kubonyeza kitufe cha kurudisha nyuma. Wanunuzi wa 1984 hawakuwa nacho.