Ndege ya Mumbai ni saa 6, lakini safari inaanzia Rungwa

MWEZI uliopita alinijia mzee mmoja wa Rungwa, mkoani Singida. Watoto wake wamechanga apelekwe India kubadilishwa nyonga (upasuaji huo hufanyika hata hapa nchini, lakini huo ni mjadala wa siku nyingine).

“Daktari, mwanangu, huko angani nitakaa muda gani? Naiogopa ndege.”

Kijana wake alikuwa na jibu kwenye simu. Kutoka Dar es Salaam hadi Mumbai ni takriban kilomita 4,700 kwa mstari ulionyooka, na ndege ya moja kwa moja huchukua kama saa 6.

Nikamuuliza: na kutoka Rungwa hadi Dar es Salaam je? Akacheka. Hiyo ni kutoka alfajiri, vumbi hadi Itigi, kisha Manyoni, Dodoma na kuendelea, gari lisipoharibika. Masika ndiyo usiseme.

Hapo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi naye. Mguu haujui kama umekaa kwenye ndege au basi. Misuli ya kigimbi ndiyo inayosukuma damu kurudi juu kwenye moyo. Ukikaa muda mrefu bila kuitumia, damu hutuama na inaweza kuganda. Donge hilo likichomoka, huenda kuziba mishipa ya mapafu, na hapo mtu anaweza kufa ghafla.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba kukaa safarini kwa saa 4 au zaidi huongeza hatari hiyo karibu mara mbili, iwe ndege, basi, treni au gari dogo. Kwa mtu mwenye afya hatari bado ni ndogo, takriban mtu 1 kati ya 6,000. Lakini hupanda kwa mjamzito au aliyejifungua karibuni, mwenye saratani, mnene kupita kiasi, aliyewahi kuganda damu, na zaidi ya wote aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga au goti.

Kwa hiyo kwa mzee wangu safari ya kuogopa ni ya kurudi. Daktari aliyempasua ndiye aseme lini asafiri, na kama atahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda. Asijinunulie aspirini dukani akadhani amemaliza.

Njiani, chezesha vifundo vya miguu, simama kila unapopata nafasi, na unywe maji. Najua abiria wengi hawanywi kwa kuogopa kuomba basi lisimame wachimbe dawa. Mwambieni kondakta mapema kwamba mna mgonjwa. Kutoka Dodoma kuna treni ya umeme, haifiki saa 4 hadi Dar es Salaam, na ndani unaweza kutembea.

Mguu mmoja ukivimba, kuuma au kupata joto, hata wiki kadhaa baada ya safari, nenda kituo cha afya na useme ulisafiri. Kifua kikibana, pumzi ikikata au ukikohoa damu, usisubiri kukuche.

Mzee amekubali kulala Dodoma usiku mmoja, kwenda na kurudi. Tarehe ya kurudi bado hawajaikatia tiketi.