Daraja na Madaraja katika Istilahi za Kompyuta

Neno daraja, alijualo kila mpita njia wa Mubambiro, karibu na Sake, limepewa maana mpya. Katika istilahi za kompyuta, daraja ni kifaa au programu iunganishayo sehemu za mtandao, ikipeleka kila fungu la data kwa kusoma anwani ya mashine inayokusudiwa. Katika Linux, kompyuta moja huweza kubeba madaraja kadhaa, kila moja na jedwali lake la anwani. Hivyo shule ingeweza kutenga daraja la wanafunzi na daraja la ofisi itunzayo alama za mitihani: data haivuki baina yao, isipokuwa msimamizi ameruhusu. Lakini waya mmoja uyaunganishao kimakosa hubatilisha utengano huo. Istilahi hii basi yafaa, mradi ifafanuliwe: daraja moja huunganisha, yakiwa mengi, hutenga pia.