Muziki wa kufoka na kijana aliyenyamaza

Mama mmoja alimleta kwangu mwanawe wa kidato cha tatu. Alilalamika kwamba kijana hali, haongei na mtu, na usiku kucha amejifungia chumbani akisikiliza kile mama alichokiita makelele ya wahuni. "Daktari, mwambie aache huo muziki," akanisihi.

Nilimwomba mama atupishe kidogo, kisha nikamtaka kijana anichezee wimbo mmoja kutoka kwenye simu yake. Ulikuwa wa kufoka, na mwimbaji alikuwa akimlilia nduguye aliyefariki. Tuliusikiliza hadi mwisho. Kijana, ambaye hadi hapo alikuwa akinijibu kwa kutikisa kichwa tu, alianza kunisimulia jinsi babake alivyofariki mwaka uliotangulia. Nyumbani hakuna aliyekuwa amelitaja jambo hilo tangu matanga.

Pengine wewe pia, msomaji, una kijana wa aina hiyo. Kabla ya kumzimia redio, ni vyema uelewe muziki huo unamfanyia nini.

Muziki wa kufoka ulianzia Bronx, New York, mnamo 1973, katika karamu za vijana wa mtaa. Haukukawia kuwa njia ya watu maskini kueleza maisha yao. Humu nchini, kundi la Kalamashaka kutoka Dandora lilifanya vivyo hivyo kwa Kiswahili na Sheng miaka ya 1990. Wimbo wa kufoka hubeba maneno mengi kuliko nyimbo nyingine nyingi, na mara kwa mara mwimbaji hujisemea yeye mwenyewe: nililala njaa, nilifiwa. Msikilizaji aliyedhani yuko peke yake hugundua kwamba kuna mwingine aliyepitia njia hiyo hiyo na kuipatia maneno. Huzuni iliyopata jina hupungua makali. Mdundo nao una kazi yake, kwani tusikiapo muziki tunaoupenda, ubongo hutoa kemikali iitwayo dopamini, ambayo huleta raha.

Mnamo 2017, mfokaji wa Marekani aitwaye Logic alitoa wimbo ambao jina lake lilikuwa nambari ya simu ya kuwasaidia watu wanaofikiria kujiua nchini humo. Unaeleza habari za mtu aliyekata tamaa, akasikilizwa, na mwishowe akataka kuishi. Watafiti walioandika katika jarida la kitabibu la BMJ mnamo 2021 walichunguza kipindi cha siku 34 ambapo wimbo huo ulivuma zaidi. Simu zilizopigwa kwa nambari hiyo zilizidi kiwango kilichotarajiwa kwa 9,915, na vifo vya kujiua vilipungua kwa 245. Hesabu hizo hazithibitishi kwamba ni wimbo peke yake uliookoa watu, lakini mimi sizipuuzi.

Hata hivyo, muziki si tiba ya kutosha. Zipo nyimbo zinazosifu dawa za kulevya na bunduki, na mtu mwenye ugonjwa wa huzuni anayerudia wimbo uleule wa giza usiku kucha anaweza kuzama zaidi. (Sauti ya juu masikioni nayo huharibu usikivu, lakini hilo ni somo la siku nyingine.) Muulize anajihisi vipi baada ya kusikiliza. Akisema amepata nafuu, mwache.

Usingoje ikiwa huzuni imezidi majuma mawili, halali wala hali, ameacha mchezo alioupenda, au anagawa vitu vyake na kusema heri afe. Muulize waziwazi, bila kumkemea, kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii mtu wazo kichwani. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Akikubali, usimwache peke yake, na umpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.

Yule kijana nilimtuma kwa mshauri nasaha, akahudhuria kwa miezi kadhaa. Muziki hakuuacha. Mamake sasa anaujua ule wimbo, ingawa bado hunilalamikia kuhusu sauti.