Chuo kabla ya kumaliza shule ya upili: Mzazi, uliza kwanza

WAHENGA walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hao hao wakaonya kuwa haraka haraka haina baraka. Mzazi mwenye kijana katika shule ya upili nchini Marekani anazihitaji methali zote mbili.

Hapa kwetu, wanafunzi wengi hufunguliwa mlango wa chuo kikuu na matokeo ya KCSE. Huko Marekani, ambako jamaa zetu wengi wanalea watoto, kijana anaweza kuanza masomo ya chuo akiwa bado mwanafunzi wa shule ya upili.

Njia zenyewe ni kadhaa. Katika jimbo la Minnesota, sheria ya 1985 inawaruhusu wanafunzi wa darasa la 11 na la 12 kusomea chuoni, nalo jimbo hulipia karo na vitabu. Jimbo la Washington lilianzisha mpango wake, Running Start, mwaka wa 1990. Huko mwanafunzi halipi karo, lakini vitabu na nauli ni juu ya mzazi. Kozi moja huhesabiwa mara mbili: shuleni na chuoni.

Wengine hubaki shuleni wakafanya masomo ya kiwango cha chuo yaitwayo AP. Mtihani wake huwa Mei, na alama ni 1 hadi 5. Vyuo vingi hutambua 3 na kuendelea, ilhali vingine hudai 4 au 5.

Pia kuna shule zilizoundwa kwa kazi hiyo. Bard High School Early College ilifunguliwa jijini New York mwaka wa 2001. Katika miaka minne, mwanafunzi anaweza kutoka na cheti cha shule ya upili pamoja na shahada ya ngazi ya miaka miwili.

Faida ni dhahiri. Kozi zikikubaliwa, familia huokoa karo na kijana humaliza digrii mapema.

ALAMA HAZIFUTIKI

Hata hivyo, kozi ya chuo si mchezo. Kijana wa miaka 16 akianguka, alama hiyo hubaki katika rekodi yake ya chuo. Shule za udaktari huko hudai matokeo ya kila kozi ya chuo, hata iliyofanywa enzi za shule ya upili. Isitoshe, mhadhiri hatampigia mzazi simu kuwa mtoto hakuhudhuria.

Kwa hivyo, mzazi, kabla ya kutia sahihi uliza mambo matatu. Je, chuo anachokitamani mtoto kitazitambua kozi hizo? Vyuo vingine vya kibinafsi huzikataa. Ni gharama gani zitabaki kwako? Na je, kijana huyo huamka na kufanya kazi yake ya shule bila kusukumwa?

Jibu la swali hilo la mwisho halipatikani katika ofisi yoyote. Liko nyumbani kwako. Likiwa ni la, mwache amalize shule kwanza, chuo hakitahama.